Mshauri elekezi wa mabwawa huuza nini hasa?

Ukimwuliza mtu nani hujenga bwawa la kufua umeme atakutajia mkandarasi, maana ndiye mwenye magari, mitambo na mamia ya watu waliovaa kofia ngumu. Ukimwuliza bwawa ni la nani atakutajia serikali au shirika la umeme. Katikati yao yuko mtu wa tatu, asiyemiliki chochote pale wala kuchimba chochote, na ofisi yake mara nyingi ni meza mbili ndani ya kontena. Huyo ndiye mshauri elekezi, na analipwa kwa karatasi anazoziandika.

Jina lenyewe humficha. Mshauri, kwa mazungumzo ya kawaida, ni mtu unayemsikiliza kisha ukafanya utakavyo. Mshauri elekezi wa maji na umeme huweka sahihi. Kwa sahihi hiyo benki hutoa mkopo na mkandarasi huruhusiwa kumwaga zege, na siku bwawa likileta maafa ndiyo hutafutwa kwanza kwenye makabrasha.

Ili kuielewa kazi hii, nashauri tuweke vyeo kando tufuate namba moja: kiasi cha maji yanayopita mtoni kwa sekunde. Tutaiona inavyozaliwa, inavyokua, inavyobembelezwa iongezeke kidogo, na inavyogeuka deni la miaka mingi.

Daftari la geji

Kwenye ukingo wa mto husimikwa ubao wenye alama za mita na sentimita. Ndiyo geji. Mtu anayeishi karibu huenda asubuhi na jioni, husoma maji yamefika alama gani, kisha huandika kwenye daftari. Siku hizi viko vifaa vinavyojirekodi vyenyewe, lakini kumbukumbu ndefu za mito mingi zimetoka kwenye madaftari ya namna hiyo.

Sasa, kina cha maji si kiasi cha maji. Ili kina kigeuzwe kuwa mita za ujazo kwa sekunde, wataalamu huenda mtoni mara kadhaa kwa mwaka wakiwa na kifaa cha kupima kasi. Hupima upana, kina na kasi kipande kwa kipande hadi ng'ambo, huzidisha na kujumlisha. Wakifanya hivyo siku za maji machache na siku za maji mengi, huchora mkunjo unaofunganisha kina na kiasi. Kuanzia hapo, kila alama iliyosomwa kwenye geji hupewa kiasi chake kwa kuangalia mkunjo.

Tatizo ni kwamba wapimaji hufika mtoni siku ambazo barabara inapitika. Siku ya mafuriko barabara imekatika, boti haiwezi kuingia majini, na mwenye akili timamu hakai ukingoni. Kwa hiyo ile sehemu ya juu ya mkunjo, inayokuja kuamua ukubwa wa milango ya bwawa, mara nyingi haikupimwa na mtu. Ni mstari uliorefushwa mezani. Isitoshe, mafuriko huondoka na ubao wenyewe. Ubao mpya ukipigiliwa sentimita 20 chini ya ulipokuwa wa zamani na asiandike mtu popote, takwimu za miaka yote inayofuata zitaonyesha mto ulioongezeka maji, na hakuna tone lililoongezeka.

Ndiyo maana mshauri mzuri akikabidhiwa takwimu za miaka 22, jambo la kwanza analofanya ni kuzishuku. Hujumlisha mvua za vituo vya jirani mwaka juu ya mwaka, hujumlisha maji ya mto vivyo hivyo, kisha huchora jumla moja dhidi ya nyingine. Mto ukiwa na tabia ile ile, mstari hunyooka. Ukipinda ghafla mwaka fulani, basi mwaka huo ama geji ilihamishwa, ama kuna watu walianza kuchepusha maji huko juu, ama kidakio, yaani ardhi yote inayoulisha mto maji, kimebadilika. Programu ya kompyuta itamwonyesha kwamba umepinda. Kwa nini umepinda hujulikana kwa kuzungumza na msoma geji, na kwa kufunua daftari la karatasi ambalo pembeni yake mtu ameandika kwa penseli "ubao umesombwa".

Hata takwimu zikiwa safi, swali jingine hubaki: je, miaka hiyo 22 inauwakilisha mto? Mwaka 1922 majimbo saba ya magharibi mwa Marekani yaligawana maji ya mto Colorado kwa mkataba. Kila upande, wa juu na wa chini, ulipewa haki ya futi-ekari milioni 7.5 kwa mwaka, jumla yake kama kilomita za ujazo 18.5. Makadirio yalitegemea vipimo vya miaka michache ya mwanzo wa karne, na miaka hiyo ilikuwa ya neema. Pete za miti mikongwe zilizochunguzwa miongo kadhaa baadaye zilithibitisha kwamba mto ule haukuwa na desturi ya kuleta maji mengi kiasi hicho. Mkataba uligawa maji ambayo hayapo, na ugomvi wake haujesha.

Aliyelichimba jambo hili kwa undani zaidi ni Mwingereza Harold Edwin Hurst, aliyefanya kazi Misri kwa zaidi ya nusu karne. Alitaka kujua ghala la maji la Nile liwe na ukubwa gani ili kuvuka miaka ya ukame. Alikuwa na bahati ambayo wenzake wengi hawana, kumbukumbu za karne nyingi za Nilometa, geji ya kale ya Nile kwenye kisiwa cha Roda, Kairo. Katika matokeo aliyoyachapisha 1951 alionyesha kwamba miaka mikavu hupenda kuandamana, na miaka ya maji vivyo hivyo, kuliko ambavyo ingetokea kama kila mwaka ungekuwa kura mpya ya bahati nasibu. Maana yake kwa mhandisi ni nzito. Ghala linalohesabiwa kana kwamba miaka haijuani litakuwa dogo mno. Na yule mwenye takwimu za miaka 22 huenda yuko ndani ya msafara mmoja mrefu wa miaka mizuri, na hana njia ya kuuona mwanzo wala mwisho wake.

Juu ya hayo ongeza tabianchi inayobadilika. Zamani mshauri angeweza kusema kesho itafanana na jana, akasonga mbele. Sasa anatakiwa kuupitisha mradi kwenye hali mbalimbali, mvua zikipungua, zikiongezeka, zikichelewa, aone ni hali ipi inauvunja. Mimi naona hili limeifanya taaluma kuwa ya kweli zaidi, kwa kuwa linamlazimisha mtu kusema waziwazi kiasi anachotilia shaka.

Kutoka maji hadi megawati

Hesabu ya umeme wa maji inaingia kwenye kiganja. Zidisha kiasi cha maji kwa anguko lake, zidisha kwa 9.81, kisha kwa ufanisi wa mitambo, unapata kilowati. Tuseme mto wetu unatoa mita za ujazo 30 kwa sekunde, na anguko ni mita 120. Msuguano ndani ya handaki na mabomba unakula mita 5, zinabaki 115. Mitambo ina ufanisi wa asilimia 88. Jibu ni karibu megawati 30. Mwanafunzi wa sekondari anaweza kulipata.

Lakini mto hautoi mita za ujazo 30 kila siku. Una siku za 200 na siku za 4. Mshauri huchukua vipimo vyote vya kila siku, ambavyo kwa miaka 20 ni zaidi ya 7,300, huvipanga kuanzia kikubwa hadi kidogo bila kujali tarehe, kisha huuliza: ni kiasi gani cha maji kinapatikana au kuzidi kwa nusu ya siku zote? Kwa asilimia 90? Kwa asilimia 95? Mchoro unaotokea huanzia juu na kushuka, na mteremko wake humwonyesha mto ni wa tabia gani. Mto unaolishwa na chemchemi na misitu hushuka taratibu. Mto wa mvua za ghafla huporomoka.

Hapo ndipo huamuliwa ukubwa wa mitambo. Ukiweka mikubwa utayadaka maji ya masika, halafu kiangazi kizima utakaa na vyuma vya gharama visivyozunguka. Ukiweka midogo itazunguka mwaka mzima, na masika utayatazama maji yakipita bure. Hakuna jibu sahihi la kihandisi hapa. Lipo jibu linalotegemea umeme unauzwa bei gani saa ngapi, na kama kuna ghala la kuhifadhi maji au mtambo unategemea yanayopita tu. Aina ya turbini yenyewe hufuata anguko: Pelton kwa maji machache yanayoporomoka kutoka juu sana, Francis kwa hali ya katikati, Kaplan kwa maji mengi yenye anguko dogo. Watu hupenda kuuliza kuhusu turbini, na kwa kweli ndiyo sehemu isiyo na utata mkubwa. Watengenezaji wake wanaijua kazi yao.

Utata uko kwenye kutoa. Toa maji yanayotakiwa kubaki mtoni chini ya banio, pale maji yanapochepushwa kwenda kwenye mitambo, ili samaki na wakazi wa huko wasikaukiwe. Toa ya wakulima wenye haki zao huko juu, na wale watakaoipata haki hiyo miaka 10 ijayo. Toa mvuke unaopanda kutoka kwenye ziwa. Toa siku za matengenezo. Kila unapotoa, kuna mtu mezani anakunja uso.

Hakuna anayekuambia udanganye. Nataka hili lieleweke, maana watu hudhani rushwa ndiyo hatari kuu ya kazi hii. Rushwa ipo, lakini kinachoharibu namba mara nyingi zaidi ni maswali ya upole. Hivi ile miaka ya ukame mwanzoni mwa takwimu, vipimo vyake ni vya kuaminika kweli? Tukichukua ufanisi wa asilimia 91 badala ya 88? Hayo maji ya mazingira, sheria inasema lazima yawe kiasi hicho, au ni pendekezo? Kila swali lina jibu linalojitetea. Ukiyakubali yote manne matano, mradi uliokuwa haulipi unalipa, na hakuna hata mstari mmoja kwenye ripoti wenye uongo.

Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walichapisha uchambuzi wa mabwawa makubwa 245, wakakuta gharama halisi zilipita makadirio kwa wastani wa asilimia 96. Wadau wa sekta walilalamikia jinsi mabwawa hayo yalivyochaguliwa, na hoja zao zinastahili kusikilizwa. Lakini sijakutana na mtu wa kazi hii aliyeshangazwa na mwelekeo wenyewe.

Mashapo, na mtu aliyekataa

Mto haubebi maji peke yake. Hubeba mchanga na tope, ambayo hutua mara tu maji yanapopoa mwendo ndani ya ziwa. Mchanga mgumu unaopita hadi kwenye turbini huutafuna uso wa chuma kama msasa. Mashapo ni somo lisilopendwa, kwa sababu kuyapima ni kazi chafu na ya gharama, na sehemu kubwa yake husafiri siku chache za mafuriko, zile zile ambazo wapimaji hawapo.

Mfano unaofundishwa ni Sanmenxia, kwenye Mto Manjano nchini China. Bwawa lilibuniwa kwa msaada wa wataalamu wa Kisovyeti wakati kila mtu mwenye cheo alitaka lijengwe. Mwaka 1957 Huang Wanli, profesa wa Chuo Kikuu cha Tsinghua, alisimama mkutanoni akasema mto huu una tope mno, ziwa litajaa udongo, na mafuriko yatahamia juu. Alipoona hasikilizwi aliomba jambo moja dogo: yale matundu ya chini yanayotumika kuchepusha mto wakati wa ujenzi yasizibwe, ili siku moja yatumike kusukuma tope. Yakazibwa. Naye akapachikwa jina la mtu wa mrengo wa kulia, akateseka miaka mingi. Ziwa lilianza kujazwa 1960, na kabla ya miaka miwili kuisha ilibidi kuacha kulijaza kwa jinsi tope lilivyopanda hadi kwenye mto Wei. Baadaye matundu yalifunguliwa upya, kwa gharama kubwa.

Kinachonivutia kwenye kisa hiki ni yale matundu. Baada ya kushindwa hoja kuu, Huang hakususa. Alitafuta njia ya kuacha mlango wazi, kwa maana halisi ya neno, ili kosa liweze kurekebishwa. Sehemu kubwa ya ushauri mzuri iko hapo, kwani mteja akishaamua jambo usilolipenda, bado kuna namna ya kulifanya ambayo haiwafungi watakaokuja baadaye.

Mafuriko ya miaka 100

Hakuna maneno yaliyopotosha watu katika fani hii kama "mafuriko ya miaka 100". Wengi huyaelewa kama zamu, kwamba yakija leo tumemaliza, hadi baada ya karne. Maana yake ni kwamba kila mwaka una uwezekano wa asilimia 1 wa kupata mafuriko ya ukubwa huo au zaidi, iwe mwaka jana yalikuja au hayakuja. Ukiishi kando ya mto huo miaka 50, uwezekano wa kuyaona walau mara moja ni karibu asilimia 40.

Ndiyo sababu utoro wa bwawa kubwa, yaani njia ya kumwaga maji ya ziada, haupimwi kwa mafuriko ya miaka 100. Pale ambapo watu wengi wanaishi chini ya bwawa, hupimwa kwa mafuriko ya miaka 10,000, au kwa yale makubwa kabisa yanayoweza kutokea kwa jinsi mawingu na milima ya eneo inavyoruhusu. Sasa rudi kwenye daftari letu la miaka 22 na lile jani la mkunjo lililorefushwa kwa rula. Kutoka hapo mshauri anatakiwa kusema mafuriko ya miaka 10,000 yatakuwaje. Anayefanya hivyo bila mkono kumtetemeka kidogo, mimi simwamini.

Ujenzi wa Kariba, kwenye mto Zambezi, ulionja jambo hilo mapema. Mafuriko makubwa yalikuja 1957 wakati kazi ikiendelea, kisha 1958 yakaja makubwa zaidi, yakasomba kingo za muda na daraja. Idadi ya milango ya kumwagia maji ikaongezwa, hadi sita. Na maji yanayotoka kwenye milango hiyo nayo yana hadithi yake, kwani kwa miaka mingi yamechimba shimo lenye kina cha takriban mita 80 chini ya ukuta, na Zambia na Zimbabwe zimelazimika kuanza kulitengeneza upya.

Mwamba hausomi michoro

Kariba ilibuniwa na Mfaransa André Coyne, bingwa wa mabwawa ya upinde wa wakati wake. Coyne huyo huyo alibuni Malpasset, bwawa jembamba la zege kusini mwa Ufaransa. Usiku wa tarehe 2 Desemba 1959, baada ya mvua kubwa kulijaza ziwa lake karibu kabisa kwa mara ya kwanza, Malpasset ilipasuka na kuua zaidi ya watu 400. Hesabu za ukuta hazikuwa na kasoro. Uchunguzi ulielekeza kidole kwenye mwamba wa ukingo wa kushoto. Maji yaliyojipenyeza kwenye nyufa zake yalijenga shinikizo chini ya bwawa, na kipande cha mwamba kikateleza juu ya ufa uliokuwa umejificha. Mbunifu yule yule, bwawa moja lilianguka na jingine bado limesimama hadi leo.

Tangu hapo uchorongaji wa miamba na upimaji wa shinikizo la maji ndani yake vimekuwa nguzo ya upembuzi yakinifu. Hata hivyo ndiyo bajeti inayokatwa kwanza, kwa sababu mashimo ya uchunguzi hayapendezi kwenye picha. Handaki la kilomita 8 huchunguzwa kwa mashimo machache, na katikati ya shimo na shimo mwanajiolojia anachora mstari wa nukta. Zile nukta ndizo huja kuwa madai ya mkandarasi.

Kofia nne, kichwa kimoja

Hapa ndipo wasio wa fani huchanganyikiwa zaidi. Neno mshauri elekezi hutumika kwa watu wenye masilahi tofauti kabisa. Yupo wa mwenye mradi, anayesanifu, kuandaa nyaraka za zabuni na kusimamia kazi. Yupo wa benki, ambaye hasanifu chochote bali husoma kazi za wengine akitafuta sababu ya fedha kutorudi. Yupo wa mkandarasi, anayefanya usanifu wa kina pale mkandarasi alipochukua mradi mzima. Na lipo jopo huru la wazee wachache waliobobea, ambalo Benki ya Dunia hulidai kwa mabwawa makubwa, linalokuja mara kwa mara, linakagua, linauliza maswali ya kuudhi, linaondoka.

Mtu yule yule anaweza kuvaa kofia hizi katika miradi tofauti. Akizivaa mbili kwenye mradi mmoja, hapo pana mgongano wa masilahi, na kanuni za zabuni humwondoa.

Nani abebe hasara mwamba ukiwa mbovu? Jibu liko kwenye mkataba. Shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, FIDIC, lililoanzishwa Ghent nchini Ubelgiji mwaka 1913, hutoa mikataba ya mfano inayojulikana kwa rangi za majalada yake. Kwenye kitabu chekundu mwenye mradi ndiye husanifu, na hali ya ardhi isiyotarajiwa kwa kiasi kikubwa ni mzigo wake. Kwenye kile cha rangi ya fedha cha 1999 mkandarasi hubeba karibu kila kitu, kwa bei moja iliyofungwa. Benki hukipenda. Ila mkandarasi naye si mjinga. Anayebeba hatari asiyoiona huiweka kwenye bei, au huipuuza ili ashinde zabuni kisha aje kugombana katikati ya handaki. Mwaka 2019 FIDIC, pamoja na chama cha kimataifa cha mahandaki, ikatoa kitabu cha rangi ya zumaridi kwa kazi za chini ya ardhi. Hicho kinataka pande zote zikubaliane tangu mwanzo kwa maandishi ardhi inatarajiwa kuwaje, ili kinachozidi hapo kijulikane ni cha nani. Kwa maoni yangu hii ndiyo hatua ya busara zaidi iliyopigwa kwenye mikataba ya fani hii, na inashangaza ilichelewa kiasi gani.

Kwenye kitabu chekundu mshauri huwa pia "Mhandisi" wa mkataba. Analipwa na mwenye mradi, lakini akiamua madai ya mkandarasi anatakiwa aamue kwa haki. Jaribu kuwa mwamuzi wa mechi huku timu moja ikikulipa mshahara. Inawezekana, na wapo wanaofanya kila siku, ila inahitaji mtu aliyezoea kutopendwa pande zote mbili.

Kuhusu namna ya kupata kazi nitasema kwa ufupi. Mteja hutoa hadidu za rejea. Makampuni huwasilisha pendekezo la kiufundi kwenye bahasha moja na la fedha kwenye nyingine. La kiufundi hupewa alama kwanza. Sehemu kubwa ya alama huenda kwa wasifu wa wataalamu, nao huhesabiwa kwa miezi ya kazi ya kila mtu. Kutokana na utaratibu huo umezuka mchezo ambao kila mtu anaujua. Jina kubwa lenye uzoefu wa miaka 35 hushinda zabuni, kisha baada ya miezi mitatu hupata udhuru, na kazi humalizwa na kijana mwenye miaka minne. Kijana huyo mara nyingi ni hodari. Lakini alama hazikutolewa kwa ajili yake. Na bei ya chini mno ya ushauri hulipwa kwa njia ile ile, siku za mtoni zinapunguzwa, za mezani zinaongezwa.

Anayetaka kuingia kwenye fani hii asihangaike sana na programu. HEC-RAS, ya kukokotoa mwendo wa maji mtoni, inatolewa bure na kituo cha jeshi la wahandisi la Marekani, na kwa wiki chache utaijua. Ahangaike na mambo mawili yasiyofundishwa vya kutosha vyuoni: kukaa mtoni, na kuandika. Ripoti ndiyo bidhaa, na sentensi moja yenye utata kwenye maelezo ya kazi inaweza kuzaa kesi ya miaka mitano.

Baada ya utepe kukatwa

Bwawa likishazinduliwa, wanasiasa huondoka na kamera zao, na kazi nyingine huanza: kusoma vifaa vilivyozikwa ndani ya ukuta, kupima maji yanayovuja, kulinganisha mwaka huu na mwaka juzi. Februari 2017 mfereji wa utoro wa Oroville, bwawa refu kuliko yote Marekani, ulichanika wakati ukimwaga maji, na watu zaidi ya 180,000 wakaambiwa wahame. Timu huru iliyochunguza haikumpata mkosaji mmoja. Ilikuta mwamba uliolika chini ya zege, kumbukumbu za ujenzi zilizoonyesha dalili zake, na miongo ya ukaguzi ambao haukurudi kuzisoma vya kutosha.

Ile namba yetu nayo hufikia siku yake ya kupimwa. Mtambo unaozunguka ni geji isiyobembelezwa, kwa sababu kila uniti ya umeme inayotoka ina kiasi chake cha maji, na miaka mitano ya uzalishaji itasema mto ulikuwa na mita za ujazo 30 au 25. Ikiwa ni 25, mwenye mradi atatangaza zabuni ya mshauri mwingine, hadidu za rejea zikimtaka aeleze kwa nini mitambo haifikii lengo. Mshauri huyo atapewa michoro ya turbini, vitabu vya matengenezo na ripoti zenye majalada magumu. Ataviacha mezani kwanza. Atauliza aliyekuwa akisoma geji anaishi wapi, na kama madaftari yake bado yapo.